Mpima Mapazia

Sehemu ya tano

Wiki iliyopita mliniacha nimeduwaa mlangoni kwa bosi wangu, nikicheka peke yangu kwa furaha. Mlio nami tangu mwanzo mnivumilie kidogo, nimweke sawa na mwenzetu anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, pengine kwenye kipande cha gazeti alichofungiwa sabuni.

Mimi ni msichana niliyeishia darasa la saba. Niliajiriwa na dalali mmoja wa nyumba, kazi yangu kufagia ofisi, kupiga pasi na kuchemsha chai. Dalali huyo watu wanamwita Leoleo, maana hana neno jingine. Nyumba ikiwa na ufa, itaondoka leo leo. Ikiwa haina choo, nayo itaondoka leo leo.

Na kweli mji wetu nyumba zinagombaniwa. Ukisema ngoja nikalale nifikirie, ukiamka unamkuta mwenzako ameshatundika pazia. Kila mwenye akiba anataka kununua, akae chumba kimoja, vingine apangishe, aache kufukuzwafukuzwa na wenye nyumba. Leoleo anaujua woga huo kama anavyoijua mifuko ya koti lake.

Siku moja akanitoa kwenye ufagio. Akanipa viatu vya ngozi vyenye kisigino, mkoba wa kung'aa uliojazwa magazeti ya zamani, na futi kamba kama ya fundi cherehani.

"Binti yangu, usitaje bei. Usiseme lolote. Mteja akiingia akukute unapima dirisha. Mwanamke anayepima pazia, huyo keshahamia."

Ndiyo ikawa kazi yangu. Mnunuzi wa kukodi.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na geti la buluu, kwenye ule mtaa mpya wa nyumba zinazofanana kama sahani za seti moja. Mteja alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye sauti ya kukwaruza. Aliingia na maswali yake tele. Akaniona napima.

"Na wewe unaitaka, mwanangu?"

Niliambiwa ninyamaze, lakini heshima ikanishinda. "Naitaka sana, mama," nikajibu, kisha nikaweka alama ya penseli kwenye fremu, nionekane sina mzaha.

Yule mama alilipa kabla chai yake haijapoa.

Nyumbani nilisema nafagia. Mama alijua nafagia. Dada alijua nafagia, au nilidhani hivyo.

Sasa Dada ndiye aliyenifanya nicheke mlangoni kwa Leoleo. Dada yangu mkubwa alikuwa na saluni ya kusuka, kwenye fremu ya duka ya kupanga. Mwenye fremu akataka kodi ya kumkomoa. Dada akasema sibabaishwi tena na mtu. Akauza viti, vioo, mashine za kukaushia nywele, hata kibao cha nje chenye picha yake mwenyewe. Akataka nyumba, avunje ukuta wa mbele afanye saluni, Mama apate chumba, vinavyobaki apangishe.

Leoleo aliposikia akaniita. "Mlete dada yako. Nina nyumba sijaitangaza popote. Na wewe siku hiyo usivae viatu vya kazi. Njoo kama mteja, ule heshima yako."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilijiona nimekuwa mtu.

*

Asubuhi ya kwenda, Mama alituita akiwa bado kitandani, miguu yake ikimsumbua.

"Chumba changu kisiwe karibu na choo."

"Mama, nyumba yenyewe hata sijaiona," Dada akasema.

"Ndiyo maana nakuwahi."

Dada alikuwa mbele ya kioo akichana nywele ambazo zilikuwa zimeshachanwa. Dada akiwa na jambo hukimbilia kitana.

"Huyo bosi wako nimwiteje? Mheshimiwa, au kaka?"

"Mwite mzee. Na Dada, leo tunaangalia tu."

"Tunaangalia tu."

"Hata akisema leo leo."

"Hata akigaragara chini," akasema. Lakini aliyasema hayo kwa kioo. Mimi hakunitazama.

Alibeba begi lake kubwa la saluni. Nikamuuliza kuna nini humo.

"Vitana," akanijibu. "We mtoto umekuwa polisi lini?"

*

Ilikuwa mtaa ule ule wa nyumba za kufanana. Sikushtuka, kwani Leoleo alikuwa akiuza nyumba nyingi pale. Ukisimama barabarani huoni tofauti yoyote isipokuwa rangi za mageti. La kwetu lilikuwa la kijani.

Dada akalisukuma, mkono wa gauni ukabaki na alama.

"Lo! Rangi mbichi."

"Pole."

"Pole ya nini? Hujaona? Nyumba imenishika mkono."

Akacheka. Mimi nikatazama pale komeo linapokwaruza. Kijani kilikuwa kimebanduka kidogo, na chini yake kulikuwa na buluu.

Nikajiambia mageti ya buluu duniani ni mengi.

Leoleo alikuwa barazani, suti imenyooka, kwa sababu niliinyoosha mimi.

"Mama Saluni! Karibu kwako."

"Kwangu bado, mzee."

"Ni bado ya leo leo hiyo." Akageuka akanikonyeza. "Binti yangu, leo wewe mgeni. Kaa, tembea, jisikie. Ila mna wenzenu ndani. Sijui habari imevujaje. Nyumba nzuri hazina siri."

Tukaingia.

Sebuleni kulikuwa na bwana mwenye miwani akigongagonga ukuta kwa vidole, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ukumbini mume na mke walikuwa wakinong'onezana. Dirishani mwanamke mmoja alikuwa amenipa mgongo.

Dada akanibana kiwiko. "Watu wameshaamkia huku."

Nikataka kumjibu, nikasikia mlio. Ko. Kimya. Ko. Kimya.

Yule mwanamke wa dirishani alikuwa akitembea. Mguu wa kushoto unalia, wa kulia haulii.

Nikatazama chini. Kisigino cha kushoto kilishawahi kung'oka, fundi viatu akakipigilia kwa msumari. Najua, kwa sababu kiling'oka nikiwa nacho mguuni. Viatu vile nilivirudisha mwenyewe kabatini ofisini siku chache nyuma, na pamba ya kuzibia vidoleni nikaiacha ndani.

Akanyoosha futi dirishani. Akaangalia namba. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, vile vile nilivyofundishwa.

Sikuogopa bado, niseme ukweli. Nilichofikiri ni kwamba Leoleo amepata mwingine wa kunishikia zamu, na kwamba kuna mteja hapa anayetiwa haraka. Nikaanza kumtafuta huyo mteja. Nilimwonea huruma hata kabla sijamjua.

Nikawaendea mume na mke, nikajifanya naangalia dari.

"Kitanda hakikai upande huo," mke alikuwa akisema.

"Kitakaa."

"Jua litakupiga usoni asubuhi."

"Basi nitalala kwako."

Wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza, halafu wakaanza upya. "Kitanda hakikai upande huo." "Kitakaa." Neno kwa neno.

Ule ulikuwa ugomvi wa kitanda. Leoleo huufundisha ofisini, mezani, mimi nikiwa napanga vikombe. Huwa anasema hakuna anayegombania kitanda kwenye nyumba asiyoinunua.

Akabaki bwana mwenye miwani. Nikapumua. Basi ni yeye, nikasema moyoni, maskini ya Mungu, ndiye anayetegwa. Alikuwa amehamia mlango wa jikoni, anaupima kwa bega. Nikasogea nimwone vizuri.

Koti lake lilikuwa la kahawia. Kifungo cha pili kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa buluu.

Uzi wa kahawia uliniishia siku nilipokishona kifungo kile. Nilisema moyoni nani atautazama uzi wa kifungo. Koti lile hutundikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya Leoleo.

Nikasimama katikati ya ukumbi. Viatu nimevijua. Ugomvi nimeujua. Koti nimelijua. Nyumba nzima ilikuwa imejaa watu, na mnunuzi wa kweli alikuwa mmoja tu.

Alikuwa jikoni, anafungua bomba, anatabasamu peke yake.

*

"Dada."

"Njoo uone, maji yanatoka kwa nguvu!"

"Dada, tuondoke."

"Umeona nini, panya?"

Nikafunga mlango wa jikoni. Nikaona na kingine pale, kwa macho ya mtu wa kufagia. Nyumba iliyosemwa imekaa tupu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile ile. Unyevu ulikuwa bado pembeni, na ulikwenda kuishia kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Mlango huo ulikuwa umefungwa.

Lakini wakati huo deki halikuwa shida yangu.

"Hawa watu si wanunuzi," nikanong'ona. "Wamekodiwa. Mimi najua kwa sababu..." Nikaegemea mlango. "Kwa sababu na mimi ndiyo kazi yangu. Sifagii, Dada. Napima mapazia."

Nilingoja kofi. Dada akafunga bomba taratibu, akakung'uta vidole.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona. Nilikwenda kuangalia ile nyumba ya karibu na kituo cha mafuta, kabla hata sijauza saluni. Nikachungulia dirishani, nani yuko ndani? Mdogo wangu, na mkoba kama mke wa waziri. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilishukuru. Watu wote wanachezewa mjini humu, sisi tuna mtu wetu ndani." Akanishika shavu. "Ndiyo maana nimemwamini bosi wako. Hawezi kumla dada wa mtu wake. Hao aliowaleta leo wanamtisha yule bwana mwenye miwani, ajione hawezi, aondoke. Aliniambia mwenyewe."

"Alikuambia lini?"

Mkono wake ukaenda kwenye begi, ukatoka na kitana.

"Dada. Alikuambia lini?"

"Jana. Alinipigia nikaenda ofisini. Akasema umeniombea."

"Sijakuombea kitu."

"Akasema nikitanguliza nusu, mwenye nyumba atatulia."

"Ukatanguliza?"

Akachana nywele zake. Mara moja. Mara nyingine.

"Yule mwenye miwani," nikasema, "koti lake ni la ofisini. Kifungo nimekishona mimi kwa uzi wa buluu. Nenda kakiangalie."

Alikwenda. Nilimwona kupitia upenyo wa mlango akimsogelea yule bwana, akimwomba radhi kama anayetaka kupita. Akatazama kifua chake. Aliporudi, kitana kilikuwa kimesimama hewani kama kimesahau njia.

"Ni wa buluu," akasema.

"Tuondoke."

"Nusu ya saluni yangu iko kwa mtu huyu."

"Tutaidai tukiwa nje. Nusu nyingine unayo bado?"

Akaligusa begi. Humo hamkuwa na vitana, zilikuwa pesa.

Mlango ukafunguliwa. Leoleo akaingiza kichwa, meno yote nje.

"Mama Saluni, yule bwana ameongeza. Mimi nimemwambia ngoja, kuna mama nimempa neno langu. Lakini mwenye mali naye ana moyo. Nikamjibuje?"

Nikajikuta nimesimama kati yao.

"Mzee, hawa ni watu wetu."

"Watu wetu?" Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kushika. Akaniangalia kwa upole kabisa, kama baba. "Na wewe si mtu wetu, binti yangu? Basi mwambie dada yako vizuri, aliyemleta hapa ni nani. Akienda kulalamika popote, akiulizwa nani alimshika mkono, atataja jina la nani? Langu, au lako?"

 Huko sebuleni, ko. Kimya. Ko.

"Dada, usimpe," nikasema. "Usimpe, nakuomba."

Dada alinitazama. Nilidhani anapima maneno yangu, kumbe alikuwa ameshamaliza kupima.

"Nikiondoka sasa, nusu imekwenda na sina kitu," akasema polepole. "Nikimalizia, angalau nyumba ninayo. Ukuta huu hapa naushika. Wewe una kingine cha kunishikisha?"

Sikuwa nacho.

"Mama wa akili huyo!" Leoleo akapiga makofi. "Hati iko kwa wakili, mwanzo wa wiki mnaandikishana. Funguo mnabaki nazo leo leo."

Begi la saluni likafunguliwa juu ya sinki.

*

Sijawahi kuona nyumba ikimwaga watu haraka namna ile. Mume na mke wakatoka bila kugombana tena. Bwana wa miwani akavua koti kabla hajafika getini, akalitundika begani kwa Leoleo mwenyewe. Hawakuwa hata na haya ya kusubiri tuwape kisogo.

Mwanamke wa viatu vyangu akawa wa mwisho. Alipopita karibu yangu hakuinua macho.

"Pole," akasema. Ko, kimya, ko, mpaka barabarani.

Tukabaki wawili, na fungu la funguo, na mwangwi. Nyumba isiyo na watu hurudisha kila kitu unachosema, hata usichotaka kukisikia tena.

Dada akazunguka sebule. Akaweka kiganja ukutani.

"Hapa kiti cha kwanza. Hapa kioo." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Si tumelipa? Basi ni yetu. Tatizo liko wapi? Haya, mpima mapazia. Leo kuna dirisha la kweli. Pima."

"Dada..."

"Nimesema pima. Umewapimia watu wote mjini, unipimie na mimi."

Futi ilikuwa imeachwa sakafuni. Nikaiokota, nikaenda dirishani. Nikaibandika kwenye fremu.

Fremu ilikuwa na alama ya penseli.

Ndogo sana, kama kope ya mtoto, juu kidogo ya bawaba. Mimi alama yangu huipindisha kushoto, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili alishindwa kuninyoosha mkono. Ile nayo ilipinda kushoto.

Geti lilikuwa la buluu. Kuta zilikuwa za rangi ya maziwa, sasa za pichi. Dirisha halikupakwa rangi, kwani fremu ya alumini hakuna anayeipaka.

Nilikuwa nimeshaiuza nyumba hii.

"Mbona umeganda?" Dada akauliza.

Kabla sijajibu, nyuma huko mtu alikohoa.

Tukatazamana. Dada akaweka kidole mdomoni, akavua viatu. Tukafuata lile deki lililokauka, tukapita jikoni, mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Leoleo alikuwa amemwambia Dada ni stoo, na kwamba ufunguo umo kwenye fungu.

Dada akaingiza ufunguo wa kwanza. Haukuzunguka. Wa pili. Wa tatu haukuingia hata ncha. Akarudia wa kwanza, kwa hasira, akikitikisa kitasa.

"Usihangaike, mwanangu," sauti ikasema kutoka ndani. "Vitasa vyote walibadilisha, isipokuwa hiki. Ufunguo wake ninao mimi."

Ilikuwa sauti ya kukwaruza.

Sauti ile niliijua. Nikajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Nani humo?" Dada akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi. Nimelipa sasa hivi."

Ndani kikaja kicheko kifupi, kisicho na raha yoyote.

"Na nyinyi mmelipa?" sauti ikasema. "Pole zenu. Mimi nililipa kiinua mgongo changu chote. Nilikwenda kuleta vyombo vyangu, narudi, geti halinifungukii. Nimeingilia nyuma kama mwizi. Wakija watu nanyamaza, nikitoa sauti yule mtu atatuma watu wanitoe. Wakiondoka napiga deki. Nyumba yangu siwezi kuiacha chafu."

Dada akaegemea ukuta. Zile nguvu alizokuwa amezishika tangu jikoni zikamtoka zote, nikaziona zikimtoka. Nikamshika mkono, akautoa.

"Mama," akauliza, "wewe ulinunuaje bila kuuliza?"

"Nilikuja na maswali yangu nimeyapanga. Nimewahoji wagonjwa maisha yangu yote, mimi si wa kulaghaiwa na suti. Lakini alikuwepo msichana."

Nikamtikisia Dada kichwa. Nikamtikisia tena.

"Msichana gani?" Dada akauliza, sasa akinitazama mimi.

"Mwembamba. Mpole wa sura. Alikuwa anapima dirisha la sebuleni. Nikamuuliza kama na yeye anaitaka. Ningemwona mwongo ningeondoka, lakini alinijibu kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa. 'Naitaka sana, mama.' Neno hilo nalisikia kila nikifumba macho humu ndani. Yule wa suti sina haja naye, mwizi ni mwizi. Huyo msichana ndiye namngoja. Watamleta tena siku moja apime. Namngoja."

"Ukimpata utamfanya nini?"

 Ndani kitu cha chuma kiliburuzwa kidogo kwenye sakafu, kikatulia.

Dada alikuwa amesimama na fungu la funguo lisilofungua kitu, na kijani cha geti kwenye mkono wa gauni. Sijawahi kuona uso ule. Haukuwa uso wa hasira, maana hasira za Dada nazijua tangu utoto. Ulikuwa uso wa mtu anayeangalia mzigo, na kuamua hautabebwa na yeye.

"Dada," nikasema kwa midomo tu, bila sauti.

"Mama, fungua," Dada akasema. "Yupo hapa."

Akapisha. Akarudi nyuma mpaka ukutani, akaniacha peke yangu mbele ya mlango. Na ndani, ufunguo ukaanza kuzunguka.